Kiu ya Murunga

Wiki ya tatu tangu Murunga aache kunywa chang'aa, chumba chao cha Kawangware kilianza kunuka chang'aa.

Mkewe, Phanice, alipiga deki, akaanika godoro, akapekua uvunguni. Hakupata hata kizibo. Murunga mwenyewe alikuwa kwa mjengo Riruta, na kila jioni alirudi akinuka saruji tu.

Jumanne mchana Phanice alikuwa peke yake, akishona sare za shule. Sauti ya mumewe ikatoka nyuma ya pazia la kitanda.

"Mama Nekoye, nionjeshe kidogo."

Alivuta pazia. Hakukuwa na mtu. Shuka lilikuwa limebonyea, na alipoligusa lilikuwa na joto.

Jioni alimsimulia Murunga kwa kunong'ona. Murunga akavua shati. Mbavu zilikuwa zimetokeza kama za mgonjwa.

"Hicho kitu kilikunywa na babangu mpaka tukamzika," akasema. "Nikimeza, kinameza. Sasa nimekinyima, ndio kinanila mimi."

Walimwita Pasta Khaemba. Aliomba nusu saa, kisha akakatiza maombi ghafla, akachukua Biblia yake.

"Kimeniambia kitaenda," akasema mlangoni bila kuwatazama. "Lakini hakitaenda mbali. Kimeuliza Nekoye ana miaka mingapi."

Nekoye alikuwa na miaka saba. Kesho yake alirudi kutoka shule, akaweka mkoba chini, akakaa akilamba midomo, na mamake alipompa maji akayatema, alipompa chai akaitema, kisha akainua macho ambayo hayakuwa ya mtoto na kusema kwa sauti ya babake, polepole, kama mtu asiye na haraka kwa sababu anajua mlango umefungwa, "Si hii, Mama."

Phanice, aliyemwaga kila chupa ya Murunga kwa miaka sita, alijifunga leso, akaenda kwa muuzaji mchana kweupe.

Murunga aliiona chupa mezani. Akamtazama mkewe, akamtazama bintiye.

"Ni wewe umeninunulia?"

"Ni mimi, Baba Nekoye."

Alilia kwanza. Kisha akanyoosha mkono.

Nekoye aliomba uji, akaumaliza wote.

Siku hizi majirani wanamsema Phanice kwamba ndiye anayemharibu bwanake. Kila siku yeye humimina, hukaa kando ya Murunga, husikiliza. Murunga humeza mara moja. Phanice husikia mara mbili.