Mguu Uliomwita Okello

Buti la kushoto la Sajenti Meja Okello liliacha kunuka. Aliyegundua ni Drani, askari wa chini aliyetoka Arua, ambaye mchango wake mkubwa katika ulinzi wa taifa ulikuwa kung'arisha mabuti ya afande huyo kila asubuhi. Lile la kulia lilinuka kama kawaida, uvundo wa kumtoa nyoka pangoni. La kushoto lilikuwa baridi kwa ndani, na lilitoa harufu nyembamba ya shaba, kama sarafu iliyoshikwa sana mkononi. Drani alilinusa tena, akaliweka chini, akajifuta mikono kwenye suruali.

Wakati huo Okello hakuweza tena kutoka geti la kambi hadi uwanja wa gwaride bila kusimama. Kigimbi cha mguu wa kushoto kilimkaza hadi machozi yakamlenga. Lakini debe tupu haliachi kuvuma. Kila maumivu yalipomshika, alisimama mbele ya askari aliyekuwa karibu na kuanza kumtukana. "Mukanda gani hii? Wewe nafikiri hapa ni soko ya Rukoki?" Alitukana mpaka mguu ukatulia, kisha akaendelea na safari. Kambi nzima ikadhani afande amezidi ukali. Alikuwa mwoga tu, na woga wake ulivaa sare.

Tena alijua zaidi ya alivyosema. Akijilaza mchana baada ya chakula, kitu kilimwita kutoka miguuni, chini ya blanketi, kwa sauti kavu ya mtu anayeita majina kwenye gwaride: "Okello!" Hakuitika hata siku moja. Bibi yake alimfundisha utotoni kwamba sauti usiyoijua haiitikiwi, maana ukiitikia umeifungulia mlango. Hekima hiyo aliitunza yeye na ngozi yake, hakumgawia mtu.

Ndipo ikaja amri kutoka juu. Wenye umri wa Okello wapimwe mishipa ya miguu katika kliniki moja mjini Kasese, na ambaye damu haimfiki vidoleni arudi nyumbani akalime. Okello alimwita Drani.

"Kesho wewe nakwenda kliniki. Wewe ndiyo Okello."

"Mimi, afande?"

"Wakiita Okello, wewe naitika. Ni amri. Iko swali?"

"Hapana, afande."

Kumwitikia mwenzako asiyekuwepo ni dhambi ya zamani kambini. Walevi wangapi wamelala kwenye vilabu vya pombe huku rafiki zao wakiwapazia "Niko!" kwenye gwaride la asubuhi! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawakuwahi kukutana na bwana mkubwa anayemwamuru mwingine amfichie.

Mpimaji pale kliniki alikuwa Sista Jamira, mwanamke wa Bwera mwenye wanja na mtandio uliopigwa pasi. Alijivunia kipimo chake kwa sababu hakikuwa na kisu wala sindano. Alifunga mikanda ya presha mikononi na kwenye vifundo vya miguu, akapaka jeli ya baridi, akagusisha kijiti kama kalamu juu ya mshipa, na spika ndogo ikatoa sauti ya damu inavyopita.

"Sajenti Meja mzima, mbona kijana hivi?" aliuliza.

"Nakula vizuri, sista."

Mguu wa kulia ulisema fwaa, fwaa, fwaa. Wa kushoto nao ulisema hivyo hivyo, Jamira akatabasamu. Halafu chini ya ile sauti ya damu ikaanza sauti nyingine, hafifu mwanzoni, kama buti likikanyaga changarawe mbali sana, kisha karibu, kisha karibu zaidi, na kadiri lilivyokaribia ndivyo damu ilivyonywea kama watu wanaompisha mkubwa njiani, na harufu ya shaba ikapanda kutoka kitandani ikaingia puani na kukaa ulimini, mpaka hatua zikasimama pale pale chini ya kijiti, na spika ikasema waziwazi, kwa ukali wa gwaride: "Okello!"

"Inashika redio ya jeshi," Jamira alinong'ona, akitafuta kitufe.

Lakini Drani alikuwa ameamriwa, na askari haulizi anayeita ni nani. Alikakamaa pale pale kitandani. "Niko, afande!"

Kitu cha baridi kikamwingia kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, kikapanda taratibu hadi kwenye kifundo. Kikakaa humo.

Kesho yake Okello aliamka mguu ukiwa na joto. Alizunguka uwanja bila kusimama, kifua mbele, akiwaambia vijana kwamba mwanamume wa kweli hazeeki miguu. Drani alimwona akipita, akaendelea kung'arisha mabuti. Wiki haikupita, naye akawa anachechemea. Kidole kikageuka cha buluu, kisha ncha yake ikawa nyeusi. Daktari akasema kama hali haibadiliki, mguu utakatwa chini ya goti.

Lamunu, mke wa Drani, hakuwa mtu wa kulia pembeni. Alizaliwa na kukulia kambini, binti wa sajenti meja wa zamani kule Gulu. Alimbana mumewe mpaka akasema yote, kisha akampeleka kwa Jamira.

"Wewe si Okello?" Jamira alishtuka. Alipima mguu wa kushoto. Hakukuwa na fwaa hata moja. "Juzi mguu huu ulikuwa unanguruma! Mishipa haizibi hivi kwa siku chache." Akashusha sauti. "Dada, hii si kazi ya mashine yangu. Nenda kwa mama yangu mkubwa, Fatumah, Bwera."

Fatumah alikuwa mganga wa majini, mwenye ulimi mchungu kama kwinini. Alinusa soksi ya Drani akaitupa.

"Hii jini si yake. Mutu aliitikia jina ya mwingine. Sasa inamukula yeye bure, na haina hata hamu naye."

"Tufanye nini, mama?"

"Mwenye jina aitike yeye mwenyewe, kwa kinywa yake, jini ikiita. Basi. Lakini huyo bwana yenu, nasikia ni mwoga. Mwoga munamuvuta na nini?"

"Na sifa," Lamunu alisema.

Alimfuata Okello hadi ofisini, akapiga magoti kama mke wa askari mwema. Sista wa kliniki, alimwambia, hajawahi kuona miguu kama ile, na anaiomba tena awaonyeshe wenzake. Okello alisita kidogo. Watu si watamkumbuka yule kijana?

"Afande, wale nakumbuka miguu tu. Sura hapana."

Mjinga akapiga pasi suruali yake mwenyewe, akaenda mchana kweupe akipiga mluzi.

Jamira alimlaza, akamfunga mikanda, akamfunua miguu. Kisha akapita nyuma ya pazia, ambako Drani alikuwa amelala akiuma shuka, akaweka kijiti kwenye ule mguu mgonjwa. Kliniki ikajaa harufu ya shaba. Hatua zikaja juu ya changarawe, nzito, zisizo na haraka, zikasimama.

"Okello!"

Kule kitandani Okello akafumba mdomo. Aliijua sauti ile. Alimsikia pia Drani akigugumia kwa uchungu nyuma ya pazia, akaelewa kila kitu, na bado, mtu mzima mwenye cheo na watoto, akaushika mdomo wake kwa mikono miwili.

"Afande, itika," Jamira alimsihi. "Kijana anapoteza mguu!"

Akatikisa kichwa.

"Okello!"

Lamunu alikuwa amesimama kwenye kona. Alivuta pumzi, akatoa sauti ya marehemu baba yake, ile iliyowahi kusimamisha batalioni nzima kwenye mvua.

"SAJENTI MEJA OKELLO!"

Miaka yote ya jeshi ikamkakamaza yule mtu. Mikono ilimtoka mdomoni ikanyooka mapajani, visigino vikagongana, na kabla akili haijafika ulimi ulikuwa umeshafika. "NIKO, AFANDE!"

Nyuma ya pazia kukasikika fwaa. Kisha fwaa, fwaa, damu ikirudi, na Drani akalia kwa sauti bila aibu. Lamunu naye akalia. Jamira akazima mashine.

Spika ilikuwa imezimwa kabisa sauti ilipoita tena. Mara hii ilitoka kwenye mguu wa kushoto wa Okello, chini ya ngozi, na ilikuwa na furaha.

"Drani," Okello alinong'ona. Jasho lilimtiririka usoni, na unyayo wake wa kushoto ulikuwa umeanza kupauka. "Drani, itika wewe. Ni amri."

Drani alikuwa ameshuka kitandani, mkono begani kwa mkewe, akijaribu kukanyaga. Alimgeukia afande wake.

"Unaitwa wewe," alisema.

Walitoka polepole kuelekea barabarani, Drani akichechemea kwa mguu wenye joto. Nyuma yao jina liliitwa, na Okello, ambaye mdomo haukuwa tena wake, aliitika. Likaitwa, akaitika. Walimsikia mpaka walipofika getini: "Niko, afande. Niko, afande. Niko."