Macho ya Wapiga Mishale

Jumapili ile mvua ilinyesha toka asubuhi, manyunyu ya huko kwao yasiyolowesha mtu wala kumwacha, na Desmond Hallam alishinda ukumbi wa kanisani akichapwa vitani na rafiki yake Trevor Gadsby. Si vita vya kweli, usiogope. Meza ilitandikwa kitambaa cha kijani, vikawekwa vilima vya mbao, na juu yake yakapangwa majeshi mawili ya askari wadogo wa kusubu, wa madini ya risasi, wale wa enzi za panga na ngao, hata kimo cha kidole gumba hawafiki. Wanarusha dadu, askari wanakufa, jioni wanafufuliwa na kurudishwa kwenye makasha. Wazee wazima na mvi zao, lakini ukiwasikia wanavyobishana utadhani nchi inatekwa.

"Hawa wapiga mishale wako vipofu au?" Trevor alimcheka. "Wamekosa wote!"

"Vipofu kweli, bwana. Hawajatiwa macho. Namngoja fundi."

Fundi ni Bryony, mtoto wake wa pekee. Desmond alikuwa hodari wa kupaka deraya, ngao na farasi, ila mkono ulishaanza kumtetemeka, na macho hayataki mkono wa hivyo. Unatia nukta nyeupe, halafu ndani yake nukta nyeusi ndogo kuliko punje ya chumvi. Kazi hiyo Bryony aliifanya tangu yuko shule ya msingi. Alikuwa akilamba brashi ncha ichongoke, akajaribu rangi kwenye ukucha wa kidole gumba, akabana pumzi, akagusa. Ndiyo maana siku zote alitembea na nukta nyeupe kwenye ukucha, hata benki alikofanya kazi walishamzoea.

Chama chao kina utani wake. Wanasema mwenye askari ambao hajamaliza kuwapaka hafi ng'o. Kifo kikipiga hodi unakionyesha kasha: rudi baadaye, mwenzio nina kazi. Kwa hiyo kila mmoja ana lundo kabatini, na wake zao wamechoka kuuliza.

"Nakuja Jumatano, baba," Bryony alimwambia kwenye simu jioni ile. "Niwekee wapiga mishale wangu. Na wewe usiwaguse macho, utanitilia makengeza jeshi zima!"

Desmond alicheka hadi akakohoa. Jumatano akawapanga mezani, kwenye chumba cha juu cha binti yake, akachemsha chai. Bryony hakufika. Gari lake liliteleza kwenye barabara ya kando ya mto Trent, likaingia majini na yeye ndani yake.

Makaburini Desmond hakulia. Trevor alimshika bega.

"Hajamaliza, Trevor," Desmond alinong'ona. "Wapiga mishale wake bado."

"Najua, rafiki yangu. Najua."

Hakujua. Alidhani ni uchungu unaosema. Desmond alirudi nyumbani na suti yake ya msiba, akapanda juu moja kwa moja, akasuuza brashi, akafungua vikopo vya rangi nyeupe na nyeusi. Akawasogeza askari karibu na kiti cha mwanawe. "Njoo umalize, mwanangu," akasema, akafunga mlango.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, mpiga mishale wa kwanza alikuwa na macho.

Safi kabisa, nukta ndani ya nukta. Desmond aliishika ile brashi. Ilikuwa mbichi, na ncha yake imechongoka vile inavyochongoka kwa kulambwa. Akakaa chini, akalia kwa furaha, jamani, mzee wa watu akalia huku akicheka, na brashi kaikumbatia kifuani. Ilinuka tope la mto.

Desmond hakumwambia mkewe, Maureen. Kila mchana alifunga mlango na kushuka, na kila akipanda alimkuta askari mwingine ameanza kuona. Kilichomtia hofu si hicho. Hofu yake ilikuwa kwamba wapiga mishale wanakwisha. Wakiisha, atabaki na nini? Akaagiza wengine: wenye mikuki, wapanda farasi, kisha jeshi zima la Wafaransa. Vifurushi vikawa vinabwagwa mlangoni kila siku. Akawapaka kila kitu, ila macho akayaacha.

"Des, hilo jeshi ni la kumpiga nani?" Maureen aliuliza.

"Niache, Maureen. Ndicho kilichobaki."

Halafu macho yakaanza kuharibika. Mara jicho moja juu, moja chini. Mara nukta imeangukia shavuni. Askari mmoja alitiwa macho shingoni. Sakafu chini ya kiti ikawa haikauki, mbao zikavimba. Na wale wote waliotiwa macho hapo mwanzo, wazima, waliokuwa wakitazama mbele, sasa walitazama pembeni. Walitazama kiti kile.

Siku moja Maureen alimkuta ngazini amebeba kasha jipya. Alimzibia njia.

"Kuna mtu anakohoa humo chumbani," alisema kwa sauti ya chini. "Mchana, ukienda dukani. Anakohoa maji. Nilidhani mimi ndiye ninayewehuka."

Desmond akalibana kasha kifuani.

"Ni yeye, sivyo? Des, umemfanya nini mwanangu?"

"Sijamfanya kitu! Anakuja mwenyewe!"

"Mwache apumzike."

"Unataka tumpoteze mara ya pili? Wewe, mama yake?"

Maureen alimpisha. Alishika ukuta kwa mikono miwili, akashuka polepole, na Desmond alimsikia jikoni akilia kwenye taulo.

Siku hiyo Desmond alifunga mlango akabaki ndani. Alikaa pembeni ya kabati, akangoja. Ilikuwa Desemba, na huko Desemba giza linaingia alasiri. Taa ya barabarani ikawaka. Chumba kikapoa. Maji yakaanza kudondoka. Tone. Tone. Hakuona mlango ukifunguliwa. Alitazama kiti, na kiti kilikuwa na mtu.

Alikuwa amempa mgongo. Nywele zimemganda kwenye koti. Mkono wake ulipapasa meza, ukaangusha kikopo, ukapapasa tena. Ukampata askari. Ukamshika uso, taratibu, kwa kidole.

"Bry," Desmond alinong'ona.

Mkono ukasimama. Akageuka.

Uso ulikuwa wake. Pua yake, mdomo wake, kovu lake la utotoni kwenye kidevu. Lakini mahali pa macho palikuwa sawasawa, ngozi tupu, kama askari aliyesubiri zamu yake. Wote wale kabatini, mamia kwa mamia. Akatambua macho yao yalikotoka.

"Baba?" Sauti ilitoka na maji. "Sioni tena. Nimechoka. Bado wengi?"

Desmond alitazama chini. Kasha jipya lilikuwa magotini pake.

Kiti kikabaki kitupu, kinadondosha maji.

Kuanzia kesho yake Desmond alikaa mezani mwenyewe, na mkono wake ule ule. Maureen alikaa ubavuni akimshika kifundo kisitikisike. Wakawatia macho wale wote waliobaki, makengeza matupu, wengine wakaonekana wameshtuka, wengine wamelewa, na kuna saa Maureen alicheka bila kutaka, akajiziba mdomo, kisha wakalia wote wawili. Sakafu ikaanza kukauka.

Akabaki mmoja, mpiga mishale aliyeangukia nyuma ya kasha. Desmond alimtazama muda mrefu. Mmoja tu, jamani. Mmoja ana ubaya gani? Akamtia mfukoni.

"Umemaliza?" Maureen aliuliza toka mlangoni.

"Nimemaliza."

Jumapili, baada ya chakula, usingizi ulimpitia kwenye kiti cha sebuleni, mkono mfukoni, askari ndani ya ngumi. Katikati ya usingizi alihisi kitu cha baridi kikimgusa kidole gumba. Kidogo sana. Alidhani anaota, na ndotoni akasikia mtu amebana pumzi, karibu kabisa na uso wake. Kisha pumzi ikaachiwa.

Alipoamka, ngumi ilikuwa wazi mapajani. Mpiga mishale amelala kiganjani. Hakuwa ametiwa macho. Alikuwa amechorewa kope zilizofumba, vistari viwili vyeusi, vimepinda, vya mtu aliyechora kwa kupapasa. Na kwenye ukucha wa Desmond palikuwa na nukta nyeupe, pale rangi ilipojaribiwa.

Alimlilia binti yake siku hiyo kama alivyopaswa kumlilia makaburini. Wiki iliyofuata, Mungu amsamehe, akanunua mwingine. Akamsimamisha mezani, akasuuza brashi, akafunga mlango. Alipopanda, brashi ilikuwa kavu. Kesho yake kavu. Mpaka leo yule askari amesimama pale, uso mtupu, vumbi limemjaa mabegani, na hakuna aliyemgusa.

Nukta haikutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Maureen aliiona, akambusu kile kidole. Ukucha unakua, Desmond anaukata, unakua tena. Nukta iko palepale, na haijawahi kukauka.