Vumbi la Fundi Betri

Jua lilikuwa linazama mjane wa fundi betri aliporudi kutoka dukani na mche wa sabuni. Siku ya tatu hiyo anaosha nyumba. Majirani, midomo yao haina pazia, walisema anamfuta marehemu upesi ili aolewe tena.

Wangejua.

Vumbi la betri kuukuu alizokuwa akivunja mumewe lilikuwa limeingia kwenye damu ya binti yao, Kibibi, aliyelazwa hospitali. Asubuhi hiyo muuguzi alimpa glavu na kumwambia wazi, "Dada, usifagie, litaruka. Piga deki. Kesho nakuja kupitisha kitambaa cheupe sakafuni. Kikichafuka, mtoto harudi humo. Akilipata tena, hatutamwokoa."

Mjane akapiga deki kuanzia ukutani hadi mlangoni, akajipimia mwenyewe kwa kitambaa. Cheupe pe. Akashusha pumzi.

Kisha... kra. Kra. Kra.

Harufu ya tindikali ya betri ikajaa chumbani. Kwenye sakafu mbichi, nyayo za buti, za kijivu, zilitoka mlangoni mpaka kitanda cha mtoto.

Nani asiyemjua mwanamume yule? Akitoka kazini hanawi, hali, mpaka ambebe binti yake. Mkewe akifoka, "Vua kwanza hayo mabuti," yeye anacheka tu: "Mapenzi hayangoji maji, mke wangu."

Miezi miwili kaburini, bado hangoji.

"Baba Kibibi," mjane alinong'ona. "Mtoto hayupo. Hilo vumbi lako ndilo lililomlaza."

Kitanda kikalia, kama mtu amekaa.

"Nenda, baba. Nakuomba. Au unataka akufuate huko?"

Ikatoka sauti, kavu kama msasa.

"Nioshe."

Akavuta beseni. Maji yakapanda yenyewe, kama miguu miwili imeingia. Haikuonekana, lakini ilishikika. Baridi. Na kile kidole kilichopinda, anakijua. Akavua glavu. Mume haoshwi kwa glavu.

Alisugua huku akilia, mpaka maji yakawa meusi na mikononi mwake hamkuwa na kitu tena. Harufu nayo ikatoweka.

Asubuhi muuguzi alipitisha kitambaa kila pembe. Cheupe.

"Hongera, dada. Umefanyaje?"

"Nimeosha tu."

Mchana Kibibi akaletwa na bibi yake kutoka hospitali, mwembamba kama ufito. Mtoto akanyoosha mikono. "Mama, nibebe."

Mama akapiga hatua moja, akasita. Akavifuta viganja vyake, alivyovisugua usiku kucha hadi vikachubuka, kwenye kitambaa chake cheupe.

Kijivu.

Akaosha. Akafuta.

Kijivu.

Siku hizi analala barazani. Bibi ndiye anayemlisha mtoto, na mtoto ananenepa. Lakini jioni, Kibibi akimwita kutoka ndani, mama hukalia mikono yake kwa nguvu zote, jasho likimtoka.

Mikono inamvuta mlangoni, anasema. Na si yeye anayeivuta, ni yule asiyengoja maji.