Ndoo ya Karanga Mbovu

Kila asubuhi Mama Siagi alikaa na ndoo mbili, akichambua karanga. Nzuri alitia katika ndoo nyeupe. Zilizosinyaa, zilizopasuka na zenye ukungu alitia katika ndoo nyeusi. Za ndoo nyeupe alizikaanga, akazisaga, akajaza siagi kwenye makopo ya kuuza. Za ndoo nyeusi zilisagwa mwisho, zikaliwa nyumbani.

"Mteja wangu hali kibovu," alizoea kusema. Alijivunia jambo hilo kwelikweli.

Alianza na mashine ya mkono iliyofungwa kwenye meza ya chakula. Mumewe, fundi baiskeli, ndiye aliyeizungusha akitoka kazini. Baadaye fundi akaifungia mota kuukuu, na kazi ikashika kasi. Maduka saba yakawa yanamsubiri. Nyumbani, kwa miaka minane, walikula za ndoo nyeusi, na fundi alikula kuliko mkewe.

"Mimi ndiye ndoo ya tatu," alikuwa akitania, huku akipaka mkate.

Kisha fundi akaanza kukonda. Tumbo likajaa, macho yakawa ya njano. Hospitali wakasema ini limeharibika.

Mwezi huohuo afisa afya, dada mmoja mpole, alikuja kukagua chumba cha kazi ili Mama Siagi apate kibali. Alisifu usafi. Halafu akachungulia ndoo nyeusi.

"Hizi unazipeleka wapi, mama?"

"Hizo siuzi, dada. Hizo zetu."

"Zenu vipi?"

"Nazikaanga sana mpaka ukungu unaisha. Tunakula wenyewe."

Afisa afya akavuta kiti, akakaa.

"Ukungu unaisha kwa macho tu, mama. Sumu yake inabaki. Inaitwa sumukuvu. Huioni, huinusi, na moto wa kukaangia hauimalizi. Mtu akiila miaka mingi, inaharibu ini. Inaweza hata kuleta saratani."

Mama Siagi akamgeukia mumewe, aliyekuwa amejilaza kwenye benchi karibu na mlango.

"Kumbe ni mimi," akasema.

"Hilo siwezi kulisema. Ini huharibiwa na mambo mengi. Lakini msizile tena, wala msiwape kuku. Zifukieni mbali. Karanga unaanika wapi?"

"Chini, hapo uani."

"Weka kichanja, zisiguse udongo. Zikauke hasa, ndipo uziweke stoo, juu ya mbao, mahali panapopita hewa. Ukungu unapenda unyevu. Ukizikausha vizuri, ndoo nyeusi haitajaa."

Fundi alisikia yote. "Kichanja nitatengeneza mimi," akasema. "Na wewe usinitazame hivyo. Nilikula kwa hamu yangu."

Alikitengeneza akiwa ameketi, akipumzika kila baada ya msumari. Hakukimaliza. Mbao za mwisho Mama Siagi alizipigilia mwenyewe, wiki mbili baada ya mazishi.

Leo ana vichanja vinne na wafanyakazi sita. Karanga mbovu hazijazi hata sahani, na hufukiwa siku hiyohiyo yeye akiwa amesimama pale. Kopo la kwanza la kila Jumatatu haliendi dukani. Huandikwa "Nyumbani", naye huondoka nalo.

Juzi mfanyakazi mpya aliuliza, "Mama, hili la nani? Si unaishi peke yako?"

"Ndiyo," akajibu, akifunga kifuniko. "Nilichelewa tu."