Gathii Mchonga Tairi

Kisu ndiyo ilimrudisha Gathii. Alikuwa amefunga kibanda yake hapo Kitale, amefika nyumbani, ameonja hata chai, ndipo akaruka: woi, kisu nimeiacha kwa jiko na moto haijazima!

"Baba, mvua inakuja," bibi yake Mwihaki akamwambia. "Si uwache tu?"

Gathii akavaa gamboti zake za mpira akatoka. Giza ilikuwa inaanza kushika.

Na hiyo kisu si ya nyama, bana. Gathii alikuwa mchonga tairi. Ukimletea tairi imeisha, imekuwa kipara kama ya mzee wa kanisa, kwi kwi kwi! Anapasha kisu moto, anachora meno mapya, anapaka rangi nyeusi, inang'aa. Halafu anauzia mwingine, ati bado ni nzuri. Mtindo yake ilikuwa moja tu, mifupa ya samaki. Na ule mfupa wa mwisho lazima upinde, kwa sababu kidole gumba yake ilivunjika kitambo. Kitale yote ilijua hiyo mkono.

Sasa, kabla ya hiyo jioni, kwa mvua ya Aprili, 2006, pikapu yenye alivalisha tairi zake ikateleza kwa mteremko ikienda Bungoma. Ikaua Nelima, msichana wa Sirisia, alikuwa amebeba nguo ya harusi ya dada yake. Gathii akasema nini? "Ni dereva alikuwa mbio." Akaongeza sukari kwa chai.

Mama ya Nelima, Dinah, hakulia hata kidogo. Alibeba tairi moja ya hiyo pikapu, akailaza juu ya kaburi, akapanda maua ndani. "Mwenye kuchonga atakuja kumaliza kazi," akasema. Watu wakafikiria ni uchungu inaongea.

Haya. Gathii akafika kibandani. Makaa bado ni nyekundu. Kisu pia nyekundu. Akainama azime.

Bururu... bururu... bururu...

Kitu ilikuwa inabingirika kwa matope huko nje.

Msichana akasimama mlangoni, leso imefunika uso, anashikilia tairi. Harufu ya udongo iliingia kwanza. Udongo yenye imechimbwa sasa hivi.

"Tumefunga, dada. Kuja kesho."

"Pima tu, fundi," akanong'ona kwa lafudhi ya Sirisia. "Nipimie hii taili."

Kupima ni kitu rahisi. Unaingiza njiti ya kiberiti kwa mfereji ya tairi. Kichwa ikizama, endesha gari yako. Kichwa ikibaki nje, toa hiyo tairi, unabeba watu kwa jeneza. Gathii akaingiza njiti.

Kichwa ikabaki nje yote.

"Hii imeisha, dada. Itaua mtu. Tupa."

"Kumbe unajua?"

Msichana akasogeza tairi karibu na makaa.

"Kumbe hata ile siku ulijua."

Hapo ndipo Gathii aliangalia vizuri. Mifupa ya samaki. Wa mwisho umepinda. Na ndani ya tairi, mizizi ya maua inaning'inia, mbichi.

"Chonga," msichana akasema.

Alitaka kukimbia. Miguu ikakataa. Mkono ikaenda yenyewe kwa jiko, ikachukua kisu, ikakata mara ya kwanza. Ssss... Uchungu ikamshika chini, kwa nyayo ya kulia! Na moshi haikunuka mpira.

Ilinuka nyama.

Akafungua mdomo apige nduru. Hakuna sauti. Mkono inachonga tu, mfupa baada ya mfupa.

"Pole pole, fundi. Ule wa mwisho usisahau kuupinda."

Ukapinda.

Mwihaki alimpata ameanguka karibu na jiko. Tairi hakuna. Matope ya mlangoni ilikuwa na alama ya miguu ya Gathii peke yake. Yeye na majirani wakavuta gamboti ya kulia... Mama! Nyayo yote imechorwa mifupa ya samaki.

Daktari akasema amekanyaga kisu moto. Sawa, daktari amesoma. Lakini ni kisu gani inachoma mguu ndani ya gamboti, na gamboti yenyewe haina hata tundu?

Alipoweza kutembea na fimbo, Gathii akaenda Sirisia kuomba msamaha. Dinah alikuwa anang'oa majani kwa kaburi. Tairi iko pale pale, maua yamesimama ndani. Lakini meno yake yalikuwa mapya, makali. Bado inanuka moto.

Gathii akapiga magoti. "Mama, nisamehe. Nilijua zimeisha. Nilijua na nikauza."

Dinah akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kama mtu ako harusini.

"Kalibu, fundi! Hii umechonga vizuri sana." Akapapasa tairi. "Na ile pikapu ilikuwa na tairi ngapi?"

"Nne," Gathii akajibu.

Dinah akaangalia mguu yake ya kushoto. Akaangalia mkono moja. Halafu ile ingine, polepole.

Gathii akaficha mikono kwa mfuko. Ati hiyo itasaidia!

Upande wa Mlima Elgon radi ikanguruma.

"Halakisha, mtoto wangu," Dinah akamwambia kwa upole. "Mvua inakuja."