Kipimo cha Kidole cha Gumato

Siku ile karakana ya mtaa wa Wabera ilikuwa na watu wanne: Halkano fundi, mkewe Bisharo, aliyekuwa ameleta chai, binti yao Gumato, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, na Lochoro, Mturkana kutoka Kipsing aliyemsaidia Halkano kubeba na kushikilia mbao. Ulikuwa mwaka wa 1983, na mvua ilikuwa imechelewa.

Halkano alikuwa akimtengenezea Gumato kitanda. Alikuwa na ruta, mashine ya umeme inayoshikwa kwa mikono miwili, yenye kisu kinachozunguka na kuchimba tundu kwenye mbao, ili ulimi wa mbao nyingine uingie humo. Aliinunua kuukuu, na chuma cha kuzuia kisu kisizame sana kilikuwa kimepotea. Kwa hiyo kila mara aliilaza mashine chali kabla ya kuichomeka kwenye umeme, akasimamisha kipande cha mbao kando ya kisu, akakitoa kisu mpaka kikalingana na kipande, kisha akakaza skrubu.

"Aba, mimi! Mimi nataka kusaidia!" Gumato alimvuta baba yake shati.

"Haya, lete kidole."

Akasimamisha kidole kidogo cha mtoto kando ya kisu, akakipandisha kisu mpaka kikafika nchani mwa kidole, akakaza.

Bisharo aliweka kikombe chini. "Halkano, mtu aliye hai hapimwi. Anayepimwa ni maiti, apate kuchimbiwa."

"Ni kidole tu, mama Gumato."

"Hata kama ni kidole."

"Wacha, mama," Lochoro alicheka. "Huyu hata ukimpima yote hafiki urefu ya kuku." Akampuliza mtoto vumbi la mbao kidoleni, akamgeuzia uso begani mwake ili lisimwingie machoni.

Halkano akawasha. Kisu kilipouma mbao, harufu iliyotoka haikuwa ya mbao. Ilikuwa ya samli iliyoungua na kahawa, kama ya buna inayopikwa.

"Nani anapika buna saa hii?" Lochoro aliuliza. Hakuna aliyekuwa anapika.

Baada ya chakula Halkano alihitaji tundu fupi zaidi. Akapima kwa kipande cha mbao, akakaza skrubu mpaka mkono ukauma. Alipochimba, kisu kilizama kina kilekile cha kidole. Akapima tena. Kikazama vilevile.

"Fundi, hiyo kitu yako iko na kichwa ngumu kama punda," alisema Lochoro. Halkano akaichomoa kwenye umeme.

Jioni, Bisharo alipomwogesha mtoto, kidole kile kilikuwa baridi kama chungu cha maji. Gumato alikigusisha kwenye jiko lenye moto na hakulia. Ngozi ilikuwa ngumu, imejaa mistari myembamba iliyokwenda sambamba, kama uso wa ubao uliopigwa randa. Asubuhi mistari ilikuwa imefika kiganjani.

Adhuhuri stima ilipotea mji mzima, redio za maduka zikanyamaza, na katika kimya kile Bisharo, nyumbani nyuma ya karakana, akasikia ruta ikinguruma karakanani, waya wake umeviringishwa msumarini, mlango umefungwa kwa nje, ikinguruma polepole kama mtu anayetafuna bila haraka kwa sababu anajua chakula hakitakimbia, na kila iliponguruma mistari ile ilisogea juu ya mkono wa mwanawe, mbele ya macho yake, na mtoto alikuwa akitabasamu tu na kuuliza buna itaiva lini.

Halkano alimwita Sheikh Abdillahi wa msikitini, akaja karakanani. "Salaam aleikum," alisema kwa sauti ya chini, akanusa mbao za kitanda. "Mti huu ulitoka wapi?"

"Kando ya mto Ewaso," Halkano alijibu. " Wachoma makaa waliuangusha."

"Wazee walikuwa wakiupaka samli na kuumwagia buna kabla mimi sijazaliwa. Mwenye mti amekuja na mbao zake."

Akaingia nyumbani, akamsomea mtoto. Gumato akafumbua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mzee, isiyo na hasira wala haraka. "Nimepewa kipimo. Aliyepima ni baba. Nipeni kipimo kingine, huyu nitamwacha."

"Msijibu!" Sheikh alinong'ona. "Jini hapewi mtu. Tutasoma mpaka achoke."

Alisoma mpaka koo likamkauka, akanywa maji, akasoma tena. Mistari ilipita kiwiko, ikashika bega.

"Ikifika moyoni je?" Bisharo aliuliza. Sheikh akageuza ukurasa wa msahafu, akaendelea kusoma.

Asubuhi Lochoro aliingia karakanani na maziwa ya mbuzi ndani ya chupa ya soda. "Habari ya mgonjwa? Hii ni yake."

Halkano alikuwa ameilaza mashine chali. "Lochoro, niazime kidole."

"Kidole ya nini?"

"Ya kupimia. Kipande changu kimepotea."

Vipande vya mbao vilikuwa vimejaa sakafuni. Bisharo alisimama mlangoni. Aliviona vipande vile, akamwona Lochoro akifuta mkono wake kwenye suruali, taratibu, mbele na nyuma, ili asichafue chombo cha mwenyewe. Neno moja lingetosha. Alilishikilia kinywani kama maji, akimtazama kijana yule akinyoosha kidole kando ya kisu, na Halkano akilegeza skrubu, akipandisha kisu, akikaza, huku harufu ya samli ikipanda kutoka kwenye mbao ambazo hakuna aliyezigusa.

Nyumbani Gumato akamwita mama yake kwa yowe. "Aayo! Kidole inauma! Inauma!"

Bisharo akakimbia.

"Unasikia?" Lochoro alisema akitabasamu, akikunjakunja kidole chake kama kimeingia ganzi. "Amepona! Nilijua hiyo maziwa ni dawa."

Alipanda lori la mbuzi kurudi Kipsing siku chache baadaye, mkono wake umefungwa kwa shuka, na alizikwa huko kabla mvua haijanyesha.

Mvua ilipokwisha, Akuam, mama yake Lochoro, alikuja Wabera kwa miguu kuwashukuru waliomlisha mwanawe mjini. Alimletea Bisharo mbuzi anayenyonyesha, na Bisharo akaipokea kamba.