Tandu wa Adventina

Kila Jumamosi Adventina alichota maji mara mbili, akafagia ua, kisha akamwangalia mdogo wake Crispin wakati mama anaanika maharage. Jumamosi ile alifanya yote haraka na vibaya. Mama yake, Klara, alimrudisha uani.

"Ua huu umefagiwa na kuku? Unakimbilia wapi?"

"Nafagia, Mama."

Hakuwa akikimbilia mbali. Chini ya kitanda alikuwa na mkebe wa maziwa ya unga, na ndani ya mkebe mlikuwa na tandu.

Wiki ile Mwalimu Egidius alifundisha habari za wanyama wenye miguu ya viungo na gamba gumu kwa nje. "Panzi ana miguu sita," alisema. "Buibui ana minane, kwa hiyo si wa kundi moja na panzi. Jongoo ana jozi mbili za miguu karibu katika kila pingili. Ukimgusa anajiviringisha na kutoa majimaji yanayonuka, lakini hang'ati. Tandu ana jozi moja tu katika kila pingili, na jozi iliyo karibu na kichwa imegeuka kuwa makucha ya sumu. Leteni panzi, leteni jongoo. Tandu msimguse."

Elias, aliyeketi naye dawati moja, alinong'ona kwamba tandu ana miguu mia kamili.

"Si kweli," alisema Adventina.

"Basi mhesabu! Mwoga kama wewe, unayekimbia hata mende?"

Ijumaa jioni Adventina alipindua migomba iliyooza nyuma ya jiko. Alimpata tandu mwekundu, mrefu kama kiganja, akambana kwa vijiti viwili na kumtia mkebeni. Asubuhi alimhesabu kabla ya kwenda kisimani. Miguu arobaini na miwili! Kwa furaha ya kumshinda Elias, aliufunika mkebe kwa kitambaa, akakifunga kwa uzi wa mgomba bila kukaza.

Walipomaliza kuanika maharage, jirani yao Anatoli alifika na kibuyu cha umutobe, yaani juisi ya ndizi. Ujio huo haukuwa jambo dogo. Anatoli ndiye aliyelima shamba lililo kati ya nyumba zao miaka yote ambayo baba yake Adventina, Nazario, aliishi ukimbizini Tanzania. Nazario aliporudi kwao Ryansoro na mke na watoto, yeye na Anatoli waligombana miezi minane. Jumanne ile wazee waamuzi wa kilima, bashingantahe, walikuwa wamekata shamba katikati, na wanaume wawili wakapanda miche ya minyaa mpakani. Sasa Anatoli alileta kinywaji ili ugomvi uishe. Kama ilivyo desturi, alionja yeye kwanza mbele ya wenyeji. Nazario akanywa, Crispin akapewa kikombe, na Anatoli akarudi kwake.

Haikupita nusu saa, Crispin alipiga kelele chumbani. Alikuwa na miaka mitatu tu. Mama alimkuta sakafuni, mkono umeanza kuvimba, shati na sakafu vimelowa umutobe aliotapika. Adventina aliingia nyuma ya mama. Aliona mkebe umelala ubavu, kitambaa kando yake. Akausukuma kwa mguu hadi chini kabisa ya kitanda.

"Kimekuuma nini, mwanangu? Adventina, umeona kitu?"

"Sijaona, Mama."

Mama alimfunga mtoto mgongoni akakimbia kwenda kituo cha afya.

Nazario aliyatazama yale matapishi. Alichukua kibuyu, akatoka nacho hadi njiani, akamwaga umutobe wote chini, watu wakiona. Kumwaga kinywaji ulicholetewa ni sawa na kumtemea mate aliyekileta.

"Anatoli!" alifoka. "Toka nje! Umempa mwanangu sumu!"

Anatoli alitoka mbio. Kiswahili chake alikuwa amekiokota sokoni Muyinga, alikouza chumvi miaka mingi.

"Sumu gani? Mi nilionja mbele yako! We uliona na macho yako!"

"Ulionja ya juu. Sumu iko chini!"

"Na we ulikunywa ya wapi? Ya pembeni?"

Mtu mmoja alicheka, lakini Nazario hakucheka. Alichukua jembe akaenda mpakani, akaanza kung'oa minyaa. Mche wa kwanza. Wa pili. Wa tano. Watu walizidi kukusanyika. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti kwamba nyumba ya Anatoli aliishuku tangu zamani. Ndipo Venansi, mtoto mkubwa wa Anatoli, akatoka ndani na panga mkononi.

"Ng'oa mwingine!" alisema. "Ng'oa mwingine, uone!"

Adventina alikuwa amejibanza kwenye ukuta wa jiko. Mpaka wakati ule alikuwa akijiambia kwamba baba atachoka kupiga kelele, mama atarudi, na hakuna atakayejua. Sasa alimwona baba yake akiinua jembe, na si kwa ajili ya mche.

"Baba, acha!" alipiga yowe. "Ni tandu! Ni tandu wangu!"

"Tandu gani?"

Alikimbia ndani, akarudi na mkebe na kitambaa, akaviweka chini katikati ya wale wanaume. "Nilimfuga ili nimhesabu. Ametoka. Nadhani amemng'ata Crispin. Mzee Anatoli hakufanya kitu."

Anatoli alimpokonya Venansi panga akalitupa mbali. Nazario alibaki na jembe lake, hajui aliweke wapi.

Mama aliporudi kutoka kituoni alikuta watu bado wamejaa njiani. Crispin alikuwa amelala mgongoni, mkono umefungwa.

"Muuguzi ameona matundu mawili madogo," alisema. "Ni tandu. Ameosha kwa sabuni, ametoa dawa ya maumivu. Uvimbe utashuka kesho au kesho kutwa. Sasa nani atanieleza kwa nini minyaa imeng'olewa?"

Alielezwa. Alisikiliza yote hadi mwisho, na kadiri alivyosikiliza ndivyo uso wake ulivyokaza.

"Baba Adventina, kibuyu kile ulikunywa wewe mwenyewe. Mbona hukufa? Miaka yote tumelia tukitaka kurudi kwetu. Hili ndilo ulilorudia? Kumwita jirani mwuaji kabla hujautazama hata mkono wa mtoto?"

Nazario aliinamisha kichwa. "Nimekosa," alimwambia Anatoli. "Mbele ya hawa hawa niliokutukana mbele yao, nimekosa."

"Mi bado niko na hasira," alijibu Anatoli. "Kubwa sana. Lakini hii miche, jua litaikausha. Ikikauka, watoto wangu na wako watapigania mpaka. Leta jembe."

Walichimba bila kusemezana, Venansi akiteka maji. Mama alimvuta Adventina pembeni.

"Tandu simlaumu. Amefungiwa mkebeni, ametoroka, ameguswa, ameng'ata. Ndivyo alivyo. Kumfuga baada ya mwalimu kukukataza ni ujinga, na adhabu yake utaipata. Lakini muuguzi ameniuliza, mtoto ameng'atwa na nini? Nimesema sijui. Mimi sijui, na wewe unajua! Kama angehitaji dawa nyingine je?"

"Niliogopa kupigwa, Mama."

"Uliogopa kiboko, ukaacha watu wafike kwenye panga. Nisikilize. Ukweli ungeusema pale chumbani, ungegharimu machozi yako peke yako. Ulivyouchelewesha, nusura ugharimu damu ya baba yako. Ukikosa, sema siku hiyo hiyo, kwa yule anayehitaji kujua, kabla mwingine hajalipa kwa ajili yako. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Bado. Hawa watu wanarudi majumbani na habari nusu. Utapita nyumba zote za njia hii. Kila mlango utasema jina lako, utasema ulichofanya, na utasema Mzee Anatoli hana kosa. Uanze na yule mama aliyesema anaishuku nyumba ile tangu zamani."

"Yule ni mkali, Mama."

"Hata mimi ni mkali. Nenda."

Adventina alijifuta uso kwa kanga, akashika njia, akabisha hodi.